Vituo vya kompyuta vya mtaani hapa Mombasa: vinafunguliwa kwa mbwembwe, vinafungwa kimya kimya. Tuseme sababu zisizoandikwa kwenye ripoti

MWANZISHA UZI

Salaam kwenu nyote, wa kisiwani, Likoni, Kisauni na Changamwe, pamoja na wageni mnaopita.

Naomba tulizungumze jambo hili kwa uwazi. Nimefundisha kompyuta mitaani kwetu kwa miaka kadhaa, vijana na akina mama, na kila kituo kinapofungwa maelezo huwa yale yale: mashine zimekufa, fedha za mfadhili zimekwisha, stima ghali. Sibishi. Hewa yetu ya chumvi inakula mabodi ya kompyuta, na tokeni za stima zinaisha kabla ya mwezi. Lakini katika mtaa huo huo utakuta saiba, yaani duka la intaneti la mtu binafsi, mashine nne kuukuu na printa moja, inavuta hewa ile ile ya chumvi, inanunua tokeni zile zile, na mlango wake uko wazi miaka nenda miaka rudi. Basi kuna jambo jingine.

Jambo lenyewe, kwa nilivyoona, ni sitara. Mtu akiingia pale nani anamwona? Nani anajua alilojia? Akitoka, heshima yake iko vile alivyoingia nayo? Waliobuni miradi hii walipima upana wa chumba na kasi ya intaneti. Haya mengine hayakupimwa, na ndiyo yanayoamua kama mama atamtuma binti yake au atamzuia.

Kinachonitia uchungu ni kwamba sisi hatuna kisingizio cha umbali. Mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika pwani hapa hapa Mombasa, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Mtandao wa Nairobi na sehemu kubwa ya bara umepitia chini ya bahari yetu. Sensa ya 2019 ikatuhesabu watu 1,208,333 katika kaunti hii ndogo, tumebanana. Hakuna mtaa ulio mbali na waya. Hata hivyo, sensa hiyo hiyo ilionyesha kwamba Kenya nzima waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6 tu ya watu wa miaka 3 na kuendelea, na wanawake walikuwa nyuma ya wanaume.

Wazo la vituo hivi si la jana. Cha kwanza kinachotajwa kilifunguliwa Vemdalen, kijiji cha Sweden, mwaka 1985. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mashirika ya kimataifa yakalileta Afrika, Timbuktu kule Mali na Nakaseke kule Uganda. Kwetu ikaja mipango ya Pasha, ambapo wenyeji walikopeshwa fedha wafungue vituo wenyewe, kisha Ajira ya kuwafunza vijana kazi za mtandaoni, kisha vituo vya ubunifu vya maeneo bunge, na sasa ahadi ya vituo 1,450, kimoja kila wadi. Sisi wa Mombasa wenye maeneo bunge 6 tutapata mgao wetu. Nataka tuzungumze kabla havijajengwa vyote, kwa sababu kikishapakwa rangi hakuna atakayetusikiliza.

Nianze na wasichana, maana hapo ndipo nilipoona mengi zaidi.

Chumba kimoja nilichofundishia upande wa Kisauni mlango wake ulitazama barabara. Mbele yake palikuwa na maskani: bodaboda zimeegeshwa, vijana wamekaa juu ya tofali na mbao, muguka kwenye karatasi ya nailoni, spika inalia toka asubuhi. Sisemi ni vijana wabaya, wengi ni wanangu na nimewafundisha baadhi yao. Lakini msichana akipita pale huitwa, akirudi huitwa tena, na jioni jina lake limeshafika nyumbani kwao kabla yake: "Binti yako nimemwona pale maskani." Hakuna atakayesema alimwona kwenye kompyuta. Darasa lile lilikuwa na wavulana watupu, na kwenye ripoti iliandikwa kwamba wasichana hawana ari ya teknolojia.

Nyuma ya chumba kulikuwa na mlango wa pili uliozibwa kwa makabati, unatokea kwenye uga wa mama mmoja anayekaanga bajia na viazi karai. Tuliyaondoa makabati. Mama akakubali watoto wapitie uga wake, na yeye mwenyewe akawa kama mlinzi bila kuombwa: nani kaingia, nani katoka, huyu mbona kachelewa leo. Mama zao walimjua, wananunua kwake. Kabla ya muhula kwisha wasichana walikuwa wanagombania viti. Mashine zilikuwa zile zile, na mwalimu ni mimi yule yule.

Hili si letu peke yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilifanywa tathmini ya mradi wa World Links uliopeleka kompyuta mashuleni katika nchi kadhaa za Afrika, Uganda na Ghana zikiwemo. Kompyuta zilikuwa chache, anayetangulia ndiye anayekaa. Wavulana walikuwa wakitimua mbio kwenda maabara, wasichana wakibaki nyuma kwa kuwa wamelelewa kwamba msichana mwenye adabu hakimbii ovyo. Sheria ya "anayewahi anapata" inaonekana ya haki kabisa, na bado iliwatoa wasichana nje bila mtu yeyote kuwafukuza. Na kule Delhi, India, mwaka 1999, walipotoboa ukuta mtaa wa Kalkaji wakaweka kompyuta kwa ajili ya watoto wote, waliojazana pale zaidi walikuwa wavulana. Jambo la wazi kwa wote huishia kuwa la mwenye kifua.

La pili ni saa. Vituo vingi hufunguliwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, saa za ofisi. Haya, hebu tuipange siku ya Mombasa. Asubuhi watoto wako shule. Wakitoka, nusu yao wanaingia chuoni kusoma Kurani, na Jumamosi na Jumapili asubuhi pia ni chuo. Mama naye kuanzia saa nne yuko sokoni na jikoni. Baada ya alasiri ndipo nyumba inapopumua kidogo, lakini magharibi ikiadhiniwa msichana anatakiwa awe ndani. Nafasi halisi ni muda wa saa moja na nusu hivi, na hapo ndipo meneja anapoanza kukusanya vitu vyake aende nyumbani. Ijumaa mchana usihesabu. Mitaa yetu ya Mikindani au Bangladesh ambako wengi ni Wakristo, Jumapili nayo imekwenda. Ramadhani ikifika mchana kituo ni kitupu, na baada ya tarawehe mji mzima uko macho mpaka daku. Ni kituo gani mlichowahi kukiona kimebadilisha saa zake kwa ajili ya Ramadhani? Mimi ninavijua vituo vinavyofungwa mwezi mzima na kuandika "mahudhurio ni hafifu".

Kuna pia jina baya ambalo hatukulitafuta. Wanaokumbuka saiba za miaka ya 2000 wanazikumbuka zile mbao za kutenganisha viti, giza, na vijana waliojifungia humo kutazama picha chafu. Wazazi wa leo ndio vijana wa wakati ule, wanajua kilichokuwa kikiendelea nyuma ya mbao. Ukimwambia mzazi kama huyo "mlete mwanao kwenye kituo cha kompyuta", picha inayomjia ni ile. Ndiyo maana mimi hupanga skrini zote zitazame katikati ya chumba. Lakini hapo tena tunarudi kwenye sitara, kwa sababu mtu mzima anayejaza fomu ya mirathi hataki skrini yake itazamwe na chumba kizima. Chumba cha watoto na meza ya watu wazima lazima viwe mbalimbali.

Wazee nao. Mzee wa miaka sitini na kitu, aliyekuwa serang, msimamizi wa vibarua bandarini, anayeheshimiwa msikitini, unamweka mbele ya kibodi afundishwe na kijana aliyezaliwa juzi, tena mbele ya watu. Akibonyeza pasipo, wajukuu wanacheka. Hatarudi, na hatakwambia sababu. Atasema macho yake hayaoni vizuri.

Nakaseke walipata dawa ya hilo. Mwaka 2001 ilitengenezwa sidii ya kuwafundisha wanawake wa kijijini njia za kujipatia kipato, ikawa inazungumza kwa Kiganda, mtu anabonyeza na kusikiliza, hahitaji kusoma. Mmoja wa walioishika haraka alikuwa bibi wa zaidi ya miaka 70 ambaye shule hakuimaliza, na akaanza kuwafundisha wenziwe. Bibi akimfundisha bibi mwenziwe, aibu inatoka wapi?

Na lugha. Facebook inatumika kwa Kiswahili chetu tangu 2009, na wenzetu Tanzania walitoa programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Lakini mama wa Mtongwe akifungua fomu za serikali anakutana na Kiingereza cha wanasheria. Hawezi kukisoma, basi anasomewa. Akisomewa, siri yake imeshakuwa ya wawili.

Nisiwachoshe. Mlioko mitaani, nyinyi mnaona nini?

MCHANGIAJI WA LIKONI

Mwalimu, umeyanena ya kweli na Mungu akulipe. Mimi ni mama wa watoto wanne, naongeza ya kwetu ng'ambo.

Kozi nzuri nyingi ziko kisiwani. Watu husema feri ni bure kwa mwenye miguu, ndiyo ni bure, lakini kusimama pale kwenye banda na mtoto mgongoni ukisubiri feri ya pili, jua la saa saba, ukifika darasani wenzio wamemaliza nusu. Halafu mlangoni pameandikwa watoto hawaruhusiwi. Sasa mimi nimwache nani? Weka mkeka na vitu vya kuchezea kwenye kona, mkeka wenyewe tutaleta sisi.

La pili ni la eda. Jirani yangu alifiwa na mumewe, akakaa eda yake ya miezi 4 na siku 10. Katika siku hizo ndipo karatasi zote zinapotakiwa: cheti cha kifo, bima, akaunti ya marehemu. Hawezi kutoka. Kijana wa saiba alikuja nyumbani na simu yake, akasimama nje ya pazia, akamalizana na kaka wa mjane. Hilo lilifanywa na kijana wa saiba kwa hisani yake. Kituo cha mradi kilikuwa hatua chache tu kutoka pale na hakikujua kama kuna msiba.

KIJANA WA MAJENGO

Mwalimu shikamoo. Nitasema ambalo wengi hawalisemi. Kile kitabu cha mlangoni.

Unaingia kituo unaambiwa andika jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, mtaa, saa ya kuingia. Kwa mtu wa mtaa mwingine ni karatasi tu. Sisi wa Majengo tuliokua wakati wa misukosuko ya 2014, msikiti ukivamiwa na polisi, vijana wakikamatwa kwa makundi, hatuandiki majina yetu mahali ovyo. Kitabu kile kinakwenda wapi? Nani anakisoma? Nikitafuta habari za Palestina au nikisikiliza mawaidha, kesho nitaulizwa? Hakuna anayetujibu, basi tunabaki kwenye baraza na simu zetu.

Na kitambulisho chenyewe. Rafiki zangu wawili wenye majina ya Kiarabu na Kisomali wamezungushwa na kamati za uhakiki, lete cheti cha babu, lete shahidi. Bila kitambulisho huna laini ya simu kwa jina lako, huna pini ya KRA, mamlaka ya ushuru, huna akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Sasa kituo kinachokudai kitambulisho mlangoni kinamfaa nani, ikiwa aliyekosa kitambulisho ndiye mwenye shida kubwa zaidi?

MWENYE SAIBA, KONGOWEA

Mwalimu, mimi ni mmoja wa hao wenye "mashine nne kuukuu". Ahsante kwa kututaja vizuri, maana mara nyingi sisi hutukanwa.

Kwangu watu hawaji kujifunza kompyuta. Wanakuja kumaliza shida. Juni nzima ni ritani za kodi za KRA, tarehe 30 foleni inafika barabarani. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, ni kuomba vyuo na mkopo wa masomo wa HELB. Katikati ya hapo ni cheti cha tabia njema kwa vijana wanaotafuta kazi Saudia na Qatar, leseni, vyeti vya kuzaliwa. Mtu akitoka kwangu shida yake imeisha. Kwenye kituo cha mradi anaambiwa aje wiki sita ajifunze mwenyewe. Mama anayeuza samaki Kongowea wiki sita atazitoa wapi?

Halafu siasa. Kituo kimoja karibu na kwangu kilipakwa rangi za chama na picha ya mheshimiwa ikabandikwa mlangoni. Ulipokuja uchaguzi mwengine na mwenye kiti akabadilika, aliyeingia hakukitaka kwa kuwa si chake, na waliompinga wa kwanza hawakuwahi kukanyaga. Kompyuta zikahamishwa usiku. Naambiwa ziko shule fulani, sijaziona.

Niseme na jambo la paswadi kabla hamjaniuliza. Ninalo daftari. Limejaa paswadi za watu, kwa sababu wenyewe hawazikumbuki na wananiomba nizihifadhi. Nalifungia kwenye droo. Lakini nalala nalo rohoni, wallahi, maana humo kuna mishahara ya watu, kuna aliyeacha mke na aliyeoa wa pili.

MWANZISHA UZI

Nimewasoma wote na nimefurahi kwa jinsi mlivyosema.

Dada wa Likoni, la eda sijawahi kuliona kwenye mpango wa mradi wowote, na ni la lazima katika mji wetu. Kituo kingeweza kuwa na mama mmoja aliyefunzwa, anayezunguka majumbani na kishikwambi. Mwanamke kwa mwanamke, anaingia mpaka ndani, hasimami nje ya pazia.

Kijana wangu wa Majengo, marahaba. Umeligusa jambo zito. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, anayekusanya habari zako anatakiwa akwambie anazichukua kwa sababu gani, na asichukue zaidi ya anachohitaji. Una haki ya kuuliza kitabu kile ni cha nini. Najua mara nyingi ni cha mfadhili, anataka hesabu ya waliohudhuria. Hesabu inaweza kupatikana kwa kuweka alama tu: mwanamke, mwanamume, mtoto, mtu mzima. Jina na kitambulisho vya nini? Mimi ningependa kila kituo kinachofunguliwa Majengo, Kisauni au Likoni kianze kwa kulitoa daftari hilo mlangoni, na wazee wa mtaa waelezwe hadharani kwamba limetolewa. Mpaka hapo hata intaneti iwe ya bure namna gani, vijana waliowaona wenzao wakitoweka hawataingia.

Ndugu wa Kongowea, wewe unanipa moyo. Peru, Amerika ya Kusini, katikati ya miaka ya 1990 walianza na vituo vya umma vya intaneti wakaviita cabinas públicas. Vilivyosambaa nchi nzima ni vidogo vidogo vya watu binafsi mfano wa chako, familia moja, chumba kimoja cha nyumba yao. Viliishi kwa sababu mwenye nacho ni jirani, anakopesha, anajua ya nani ni haraka. Kwa hiyo nikiulizwa fedha za wadi ziende wapi, nitasema sehemu yake ije kwenu nyinyi wa saiba, kwa mafunzo na mashine, mkubali kutoa saa chache kwa wiki za kufundisha. La daftari lako tutalirudia, usilichome kwanza.

MCHANGIAJI WA TUDOR

Samahani wakuu, lakini naona mnazungumza mambo ya kale. Simu zimemaliza hii habari. Kila mtu ana simu, bando la shilingi hamsini linatosha. Hivi vituo vya nini tena? Pesa hizo zipelekwe kwenye maji, mitaa mingine haioni maji wiki nzima.

MWANZISHA UZI

Kuhusu maji niko nawe mia kwa mia. Lakini hilo la kila mtu ana simu, tulitazame vizuri. Katika nyumba nyingi ninazozijua simu yenye intaneti ni moja, na ni ya baba au ya kaka mkubwa. Msichana anaazimwa, na akiazimwa anachunguliwa. Mama ana kibonyezo cha kupigia na M-Pesa. Simu ya nyumba nayo ina wenyewe.

Kisha tazama kazi za mji huu. Tangu mwaka 2005 KRA ilipoleta mfumo wa Simba kwa ajili ya forodha, kijana anayetaka kuajiriwa kwenye kampuni ya kuondoa mizigo bandarini lazima ajue kukaa mbele ya kompyuta, kuchapa haraka, kuandaa jedwali, kupakia nyaraka bila kukosea tarakimu. Simba ikafuatwa na iCMS, na hali ni ile ile. Jedwali la safu hamsini halifanyiki kwenye skrini ya kiganja. Nimewaona vijana wenye maelfu ya wafuasi TikTok wasiojua kuhifadhi faili wakalipata tena. Wameajiriwa wengine, na hao wengine mara nyingi ni waliokuwa na kompyuta nyumbani kwao.

MAALIM WA MJI WA KALE

Assalam aleikum. Mwalimu, mimi nasomesha watoto chuoni huku Kibokoni, na nimeyafuata mazungumzo haya toka mwanzo. Nina maneno mawili.

Mmesema watoto wako chuoni saa zile ambazo kituo kingewafaa. Basi kwa nini kituo kisije chuoni? Chuo kina chumba, kina watoto, kina itibari ya wazazi, na msichana akienda chuoni hakuna anayemuuliza. Walikuja watu fulani wa mradi, wakaona ni mahali pa dini wakarudi nyuma. Wangeuliza tungewajibu. Sisi tunataka watoto wajue kompyuta, tunachotaka ni kuwepo mtu mzima chumbani na picha chafu zizuiwe. Na tunataka kibodi zenye herufi za Kiarabu, maana wapo wazee hapa wanaosoma Kiswahili kwa herufi hizo vizuri kuliko za kizungu. Wazee hao mnawaita hawajui kusoma, na wanasoma tangu utotoni.

Neno la pili ni mahali. Mji huu una majumba ya wakfu, na Makamishna wa Wakfu wako hapa hapa Mombasa. Kodi ndiyo inayoua vituo vingi. Chumba cha wakfu chenye kodi nafuu, kwa manufaa ya watoto wa mtaa, ni katika mambo ambayo wakfu uliwekewa. Lakini aende mtu wa mtaa akaombe, asiende mgeni mwenye gari la mradi.

MCHANGIAJI WA LIKONI

Maalim, hapo umesema, lakini jirani zangu Wakristo nao? Nusu ya kina mama wa chama chetu wanakwenda kanisani. Kikiwa chuoni hawataingia, hata mkiwakaribisha kwa mikono miwili.

MWANZISHA UZI

Dada, swali lako ndilo gumu kuliko yote humu, na Maalim najua hatakasirika nikilijibu waziwazi. Kituo kilichomo chuoni kitawafaa watoto wa chuo, na hilo ni jema kubwa. Kisiitwe cha mtaa mzima. Likoni, Changamwe au Kisauni penye mchanganyiko, mahali pawe pa wote: ukumbi wa chifu hapana, wengi wanapaogopa, lakini shule ya msingi jioni, zahanati, au banda la wavuvi, hapo kila mtu ana sababu ya kuonekana.

Nimetaja wavuvi makusudi. Karibu na Pondicherry, India, kipo kijiji cha wavuvi kiitwacho Veerampattinam. Mwishoni mwa miaka ya 1990 taasisi ya utafiti ya M. S. Swaminathan ilifungua vituo vya habari vijijini huko. Pale Veerampattinam kituo kilikuwa kikichukua kwenye intaneti utabiri wa mawimbi uliotolewa na jeshi la wanamaji la Marekani, kisha kinautangaza kwa vipaza sauti kwa lugha yao ya Kitamil. Mvuvi alikuwa akitengeneza wavu wake ufuoni na kusikia bahari ya kesho itakuwaje. Hakuulizwa kitambulisho, hakuambiwa akae wiki sita darasani. Sisi tuna Idara ya Hali ya Hewa inayotoa utabiri wa bahari, tuna vikundi vya BMU, vya wavuvi wa kusimamia fuo, katika kila bandari ndogo, na kusi ikivuma tunazika watu. Kipaza sauti kimoja Mtongwe au Timbwani, saa kumi na moja jioni, kwa Kiswahili na Kidigo. Mvuvi aliyesikia maneno ya kweli mara kadhaa atataka kujua yanatoka wapi, na siku hiyo ataingia mwenyewe. Wakristo na Waislamu wanavua bahari moja.

Hapa kisiwani kuna mfano wa kutazama, Swahilipot pale karibu na Fort Jesus, tangu 2016. Vijana wanaingia kwa mashairi, muziki na maigizo, wengine kwa programu za kompyuta, wote mlango mmoja. Mzazi anayeona mwanawe yuko kwenye jukwaa la sanaa haoni ajabu akimwona kesho yake mbele ya kompyuta. Shida ni kwamba binti wa Mtopanga au Shika Adabu hafiki pale kila siku, na hata akifika ni mara moja moja kwa ruhusa.

Sasa ndugu wa Kongowea, daftari. Kila mteja akija, kaa naye, mfungulie akaunti kwa nambari yake mwenyewe ya simu, achague paswadi ya neno analolijua yeye, shairi, jina la mtaa wa nyanya yake na mwaka, aiandike kwenye karatasi yake na kuondoka nayo. Kisha ukate ukurasa wake mbele ya macho yake. Itakuchukua miezi. Wapo watakaokataa, hao wape bahasha, wafunge wenyewe na kutia sahihi juu ya gundi, ndiyo ukae nayo. Meza ya watu wazima isukume kwenye ukuta, skrini itazame ukutani, na kijana wako akishamwingiza mteja asimame upande wa pili wa kaunta.

Maalim, kuhusu chumba cha wakfu niko tayari kuandamana na wazee wa Kibokoni kwenda kuomba, baada ya swala ya alasiri siku yoyote watakayochagua. Barua niandike mimi, sahihi ziwe zenu. Dada wa Likoni, uliza chama chenu saa wanayoweza kutoka na mahali wanapoweza kukaa wote, kisha uandike hapa chini. Nitakuja na kompyuta mbili za mkononi tuanze nazo, na mkeka ulete kama ulivyosema.